Mwongozo kwa Mkimbiaji Asiyealikwa

Mwongozo huu ni wa kijana aliyepata nafasi ya kusoma chuo kikuu Marekani kwa nguvu za wazazi, wajomba na mkopo wa SACCO, akafika huko mwezi Agosti, akaona watu wanazunguka uwanja kwa mwendo wa kupendeza, akasema moyoni: hata mimi naweza. Kama bado hujayasema maneno hayo, acha kusoma hapa ukamalize shahada yako kwa amani. Kama umeshayasema, karibu. Umechelewa kuokolewa, lakini angalau utajua kilichokupata.

Kwanza uijue nyumba unayoingia. Michezo ya vyuo vikuu Marekani husimamiwa na chama kiitwacho NCAA, na daraja lake la kwanza halifanani hata kidogo na ile riadha ya shule ya upili yenye mwalimu mmoja, filimbi moja na kreti ya soda. Kuna makocha wa mshahara, madaktari, wataalamu wa lishe, na ofisi nzima ambayo kazi yake ni kuhakikisha hakuna kanuni iliyovunjwa. Kuna wakimbiaji waliofuatwa hadi makwao, wakabembelezwa, wakaahidiwa masomo ya bure. Hao ndio walioalikwa. Wewe ni wa kujileta. Huna ufadhili wa michezo, hakuna aliyekupigia simu, na kocha atalishika jina lako mwezi Oktoba, akijaliwa. Sisi tuna utaratibu wetu, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku jembe unakabidhiwa siku ya kwanza, na ugeni unaendelea mpaka Juni.

Sasa tuje kwenye pasipoti yako, maana itakuletea shida kabla ya miguu.

Mwaka 1978 Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State University, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 3000, mita 5000, mita 10,000 na mita 3000 kuruka viunzi na maji. Kwenye Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, Paul Ereng wa University of Virginia alitwaa dhahabu ya mita 800, na Peter Rono wa Mount St. Mary's akatwaa ya mita 1500. Edward Cheserek alikwenda Oregon akaondoka na mataji 17 ya NCAA. Wote hawa ni Wakenya, na wote wamekuharibia. Hutaweza kumweleza Mmarekani kwamba wewe ni wa Likoni, kwamba kutoka Mombasa hadi Eldoret ni karibu kilomita 800, na kwamba mbio pekee ulizozizoea tangu utotoni ni za kuiwahi feri.

Mtanzania naye asidhani amepona. Suleiman Nyambui, aliyesoma University of Texas at El Paso, alichukua fedha ya mita 5000 kule Moscow mwaka 1980. Na tangu Alphonce Simbu ashinde marathoni ya ubingwa wa dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, hata kijana wa Tanga aliyekwenda kusomea uhasibu anatazamwa miguu kwanza, uso baadaye.

Utaulizwa, "Kwenu mlikuwa mkienda shule kwa kukimbia, sivyo?" Ukweli ni kwamba ulikuwa ukipanda matatu, tena ukigombea kiti cha mbele. Usiuseme. Jibu, "Siku nyingine," ukimaanisha zile siku ulizochelewa.

Ukibahatika utamkuta timuni Mkenya mmoja aliyealikwa, kijana wa Bonde la Ufa, mpole, ambaye amekuzidi miaka kidogo na dakika nyingi. Atafurahi kusikia Kiswahili.

"Umetoka Iten?"

"Hapana, Mombasa."

"Mombasa upande gani?"

"Wa baharini."

Atanyamaza kidogo akikutazama. "Sasa nani alikudanganya, ndugu yangu?"

Huyu mshike, usimwachie. Ndiye atakayekuonyesha duka linalouza unga wa ugali, atakayekuazima koti zito mwezi Novemba, na atakayekwambia ukweli ambao Wamarekani, kwa adabu zao, hawatakwambia kamwe.

Jaribio la kuingia timuni halina sherehe. Timu nyingi huandika viwango vyao kwenye tovuti, na kijana wa kiume asishangae akikuta anatakiwa kukimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 15 hivi. Maili ni mita 1609, umbali ambao Wamarekani wameung'ang'ania kama shamba la urithi. Andika barua pepe fupi: jina, muda wako, ulikimbilia wapi, tarehe gani. Usiandike ndoto zako. Ndoto kocha anapokea nyingi kila wiki, muda wa mita 1500 uliopimwa kwa mashine ndio adimu. Ukikubaliwa hutaambiwa umekubaliwa, utaambiwa tu, "Njoo kesho." Kesho utaambiwa vilevile. Hiyo ndiyo barua yako ya ajira.

Lakini kabla ya kukanyaga uwanja kuna daktari, na hapa naomba niache mzaha kwa aya moja. Ni lazima uwe umechunguzwa afya ndani ya miezi sita kabla ya mazoezi ya kwanza, na lazima pawe na jibu la kipimo cha vinasaba vya selimundu. Daraja la kwanza la NCAA lilianza kudai kipimo hiki mwaka 2010, baada ya mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Rice University kuanguka mazoezini na kufariki mwaka 2006. Mwenye kurithi kinasaba kimoja tu kwa kawaida haumwi, huishi miaka yote bila kujua, lakini mazoezi makali kupita kiasi yanaweza kumwangusha. Na sisi tuliotoka nchi za malaria, Pwani na kandokando ya Ziwa, wengi tunacho. Ukikutwa nacho hufukuzwi. Kocha atajua tu akuongezee mazoezi taratibu na akuache unywe maji na kupumzika. Pima nyumbani kabla ya safari, ni nafuu kuliko huko.

Haya, turudi kwenye mateso ya kawaida.

Ni Jumanne. Kilomita moja, mara sita, kwenye nyasi zilizolowa. Wa mbele wanaimaliza kila moja kwa dakika 2 na sekunde 55, huku wakizungumza habari za mtihani wa kemia. Ya kwanza utaimaliza pamoja nao, kwa ujinga. Ya pili utaona migongo. Ya tatu utasikia matope ya viatu vyao yakikupiga kifuani, tap, tap, tap. Ya nne matope hayakufikii tena, na hapo ndipo upweke unapoanza. Kisha utagundua hesabu ambayo hakuna aliyekueleza. Mapumziko ni dakika mbili, lakini dakika hizo huanza kuhesabiwa anapofika wa kwanza. Ukifika sekunde ishirini nyuma yake unapumzika dakika moja na sekunde arobaini. Kwa kuwa umepumzika pungufu, inayofuata unachelewa sekunde thelathini, unapumzika dakika moja na nusu. Mwenye mapafu makubwa anapewa mapumziko marefu, na mwenye kuhema kama mbuzi wa Idi anaambiwa, "Tayari? Twende." Mfumo huu haukuundwa na mtu mbaya. Umejiunda wenyewe, na ndiyo maana hakuna wa kumlalamikia.

Watakupigia makofi. "Umefanya vizuri sana!" Wamarekani humwambia hivyo kila mtu, pamoja na aliyeanguka. Usiamini, lakini usikasirike pia, kwa sababu wanamaanisha. Mmoja wao atakushauri uitazame filamu ya Rudy, ya mwaka 1993, kuhusu kijana wa kujileta wa Notre Dame aliyevumilia hadi akaingizwa mchezoni dakika za mwisho kabisa mwaka 1975. Itazame. Kisha hesabu ni dakika ngapi za filamu kijana anapigwa na ni ngapi anacheza.

Kuna pia kikwazo cha malezi. Umekuzwa kwa haraka haraka haina baraka. Umefundishwa kwamba mwenda pole hajikwai, na pole pole ndio mwendo. Kizazi baada ya kizazi wazee wetu wa Pwani walifanya kazi ya kumzuia mtu kama wewe asikimbie, na leo unataka kuwaasi kwa mara moja, mbele ya kocha mwenye saa mbili shingoni. Nenda nao taratibu. Miguu inaweza kuongeza mazoezi kidogo kidogo kila wiki, ila ukirukia kilomita za wenzako mwezi wa kwanza, muundi utaanza kuuma kwa ndani, na mfupa wa muundi ukipata ufa, muhula umekwisha.

Kuhusu muda wako, ipo kanuni nzuri sana. Msimu ukiwa umeanza, mazoezi hayaruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki, na siku moja lazima iwe ya kupumzika. Ukiisoma utasema hawa watu wana huruma. Endelea kusoma. Siku ya mashindano huhesabiwa saa tatu, hata ukishinda uwanjani kutwa. Muda wa basi hauhesabiwi kabisa, hata likiwa ni basi la saa tisa. Siku iliyotumika kusafiri tu inaweza kuandikwa kuwa ndiyo siku yako ya mapumziko, kwa hiyo utapumzika umekunja magoti kifuani, kiti cha nyuma, karibu na choo. Kukaa kwenye bafu la barafu hakuhesabiwi. Kukandwa misuli hakuhesabiwi. Na yapo mazoezi ya hiari, saa kumi na mbili asubuhi, ambayo hakuna mtu anayelazimishwa kuyahudhuria na hakuna mtu aliyewahi kuyakosa. Wakati huohuo viza yako ya F-1 inakutaka usome mzigo kamili wa masomo, na NCAA nayo inakutaka uwe mwanafunzi kamili, na profesa wa hesabu hajali lolote kati ya hayo.

Stoo ya vifaa utaipenda. Wenzako wana makabati yenye bamba la jina lililochongwa, la kwako limeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha plasta, herufi moja ikiwa imekosewa. Utapewa fulana, bukta, na kitanzi cha mkanda chenye namba. Kitanzi hiki ndicho kitu cha maana kuliko vyote ulivyopewa. Baada ya mazoezi unapitisha humo soksi, bukta na fulana iliyolowa jasho, unafunga, unatupa kwenye pipa. Kesho asubuhi unakuta vimefuliwa, vimekauka, vina joto, bado vimefungwa pamoja. Kwa mtu aliyefua kwa mikono tangu darasa la nne, huu ni muujiza. Wakimbiaji wengi wa kujileta waliotaka kuacha timu walirudishwa na kile kitanzi. Sina ushahidi, lakini naamini.

Chakula pia usikidharau. Zamani kanuni zilifika mahali pa kuruhusu wanamichezo wapewe mkate wa mviringo kama kitafunio, mradi usipakwe kitu. Ukipakwa jibini ulikuwa umevuka mpaka. Mwaka 2014 mambo yalifunguliwa: vyuo vya daraja la kwanza viliruhusiwa kuwalisha wanamichezo wao bila kikomo, na kanuni ikawataja hata wasio na ufadhili. Kwa hiyo unapokuta kikapu cha ndizi, karanga na maziwa ya chokoleti, ni haki yako iliyoandikwa. Chukua bila kuangalia nyuma. Ndizi mbili, si sita.

Theluji ikianguka mnahamia ndani. Wahenga waliosema mbio za sakafuni huishia ukingoni hawakuwa wamekiona kiwanja cha ndani cha Marekani. Sakafuni huku mbio haziishii popote. Mzunguko mmoja ni mita 200, na ukikimbia mita 5000 unauzunguka mara 25, hewa kavu inakukwaruza koo mpaka unakohoa usiku kucha, na aliye mbele anakukuta kwa nyuma. Akikukaribia sogea nje kidogo, kwa heshima. Ndiyo shikamoo ya huku.

Mashindano yenyewe yana hesabu yake. Kwenye mbio za nyika timu hupeleka watu saba. Nafasi za watano wa kwanza hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi, kwa hiyo jumla safi kabisa ni 15. El Paso, wakiwa na Watanzania na Wakenya wao, walichukua ubingwa wa NCAA mwaka 1981 kwa pointi 17. Wa sita na wa saba hawahesabiwi, lakini wakimpita mtu wa timu nyingine wanamsukuma nyuma, na hiyo ni kazi. Wewe ni wa kumi na saba, na wataalamu bado hawajagundua matumizi yako siku hiyo, zaidi ya kusimama porini kwenye kilomita ya sita, umebeba makoti ya watu saba, ukipiga kelele mpaka sauti ikauke.

Na siku utakayokimbia, huenda usivae jezi ya chuo. Kocha anaweza kukuweka kando mwaka mzima, ufanye mazoezi yote bila kuishindania timu, ili usitumie mwaka mmoja kati ya miaka yako ya kushindana. Hapo unaruhusiwa kuingia mashindano ya wazi kwa kiingilio chako, na fulana isiyo na nembo, kundi la mwisho, saa nne usiku, waamuzi wakiwa wanapiga miayo. Kwenye matokeo, mahali pa jina la chuo, utaandikwa kwamba huna timu. Hapo ndipo, kwa kawaida, utakapokimbia kwa kasi ambayo hujawahi kuikimbia maishani. Hakuna atakayeiona isipokuwa yule ndugu wa Bonde la Ufa, ambaye amesinzia kwenye nyasi amejifunika taulo. Atafungua jicho moja. "Umejaribu." Kwa lugha yake hiyo ni medali.

Itabidi umpigie mama.

"Shikamoo mama. Nimeingia kwenye timu ya chuo!"

"Marahaba mwanangu, alhamdulillahi! Watakulipia ada?"

"Hapana, mama."

"Basi watakupa mshahara."

"Hapana."

"Mashindano unakwenda?"

"Bado. Mwaka huu nafanya mazoezi tu."

Kimya. "Kwa hiyo sisi ndio tunaowafadhili wao?"

Mama amepata jibu ambalo wachambuzi wengi wa michezo wamelikosa. Juni 2025 mahakama ya shirikisho huko California ilipitisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Fedha hizo zinakwenda zaidi kwa mpira wa Kimarekani na wa kikapu, lakini zimebadilisha hewa ya jengo zima. Kila mtu humo sasa ama analipwa, ama anasomeshwa, ama anatarajia kimojawapo. Ridhaa halisi, ile iliyohubiriwa na vyuo kwa zaidi ya karne moja, imebaki kwako peke yako, wewe unayelipa ada kamili ili uruhusiwe kupigwa matope kifuani. Usijidanganye kwamba nawe utauza jina lako kwa kampuni ya viatu. Viza yako hairuhusu kazi nje ya chuo kwa namna hiyo. Ndani ya chuo unaruhusiwa saa 20 kwa wiki, na saa hizo umeshazipeleka uwanjani.

Makubaliano hayohayo yameleta jambo ambalo kijana wa kujileta analijua akiwa amechelewa. Zamani kikomo kilikuwa kwenye ufadhili: riadha na mbio za nyika za wanaume kwa pamoja zilipewa ufadhili kamili 12.6, za wanawake 18, na nyuma ya hao kocha aliweza kubeba wasio na ufadhili kadiri basi lilivyobeba. Sasa, kwa vyuo vilivyojiunga, kikomo kiko kwenye idadi ya watu: 17 kwa mbio za nyika na 45 kwa riadha, kwa kila jinsia. Yule wa mwisho anayekimbia kwa mapenzi yake, asiyemgharimu mtu ila ndizi, anachukua nafasi inayohesabiwa. Wengi walishaondolewa hata kabla kanuni haijaanza kutumika. Mimi naona huu ni uchoyo uliovaa suti, lakini maoni yangu hayamo kwenye kanuni.

Basi usisubiri Mei. Nenda kwa kocha wiki ya kwanza ya Agosti, mwamkie, muulize mambo mawili: orodha ya timu ina nafasi ngapi zilizobaki, na je, chuo hiki kimejiunga na makubaliano? Akikujibu kwa namba, vaa viatu. Akikujibu kwa tabasamu, vyuo vingi vina klabu ya mbio ya wanafunzi wenyewe, isiyo na kiwango cha kuingilia wala kocha wa kukutumia ujumbe usiku. Kiingilio ni kidogo, mashindano yapo, na mazoezi huanza saa kumi na moja jioni.